Marwo na Mashine ya Maswali Machache

Nyanya yangu Marwo si mtu wa kuogopa. Nilimwona soko la Doldol akimwendea fahali aliyekuwa ametoka kuwatupa wanaume wawili kwenye seng'enge. Alimshika pua, akamwambia maneno kwa Kisomali, na fahali akashusha kichwa. Wale wanaume walicheka kicheko cha aibu. Yeye akajifuta mkono kwenye garbasaari, shela yake, akauliza bei.

Kwa hiyo siku nilipomwona akitetemeka mbele ya tableti ya kliniki, kitu chembamba ambacho hata pembe hakina, mimi nilishikwa na baridi.

Nyumbani tunamwita Ayeyo, yaani nyanya. Sokoni ni Mama Warfa, kwa jina la mwanawe mkubwa, ambaye ni mjomba wangu. Babu alipokufa watu wa Nanyuki walidhani atakaa ndani na kungoja watoto wamlishe. Siku ya soko iliyofuata alionekana Doldol mapema kuliko wanunuzi wote, fimbo ya babu mkononi. Tangu siku hiyo ananunua mbuzi na kondoo na mafahali kwa wafugaji, anawapakia lori, anawauzia wenye bucha wa Nanyuki na Naro Moru, wengine hadi Karatina. Mimi nilikuja kukaa naye nilipoacha shule darasa la tano, mwaka ule kiangazi kilimaliza kondoo wetu. Nikawa namfuata kila anakokwenda.

Kazi yake iko vidoleni. Akitaka mbuzi, anamfungua mdomo aone meno, anamnusa pumzi, anambonyeza kiunoni, anainua mkia, anamsukuma ubavuni aone atasimamaje. Halafu anamwacha, anazunguka, anarudi kwa huyo huyo na kuanza upya. Mfugaji akiona mbuzi wake anashikwa hivyo anafurahi, anajua mbuzi atanunuliwa. Mbuzi mbaya hashikwi. Mnunuzi anamtupia jicho mara moja, anapita. Hakuna anayeuliza kwa nini. Jioni mwenyewe anamtoa kundini na kumchinja, asije akafa bure.

Hayo nimeyaona miaka mitatu. Ndiyo maana nilielewa alichokiogopa hata kabla hajasema.

Ugonjwa ulianza kwenye ubao wa kupandishia mifugo kwenye lori. Alikuwa akiupanda huku akiwapigia kelele vijana, mara akaanza kusimama katikati kana kwamba anaangalia mlima. Hakuwa anaangalia mlima. Alikuwa anatafuta pumzi. Halafu miguu ikavimba. Ukibonyeza kwa kidole shimo linabaki, kama kwenye unga wa chapati. Usiku alilala ameketi, mgongo kwenye mito, na mimi upande wa pili wa pazia nikisikia kifua chake kikilia kama birika linalokaribia kuchemka.

Kliniki walimwambia moyo wake umechoka, hausukumi damu sawasawa, maji yanabaki mwilini. Wakampa dawa ya kupunguza maji na nyingine za moyo, na siku ya kurudi kila wiki ya pili.

Siku hizo maswali yalikuwa ya karatasi. Sista Wangechi, muuguzi, alikuwa akimsomea kila mgonjwa karatasi ile ile kuanzia juu hadi chini. Maswali yalikuwa mengi mpaka watu wakasinzia. Wagonjwa walikaa kwenye benchi moja refu, na kila mtu alisikia majibu ya mwenzake.

"Unaweza kukimbia?" Sista alimuuliza Mzee Ngatia, mkulima wa viazi kutoka Naro Moru, ambaye alikuja na fimbo mbili.

"Nikimbie nikifuata nani, Sista? Wewe?"

Benchi lote likacheka. Ayeyo alikuwa akicheka mpaka anakohoa. Yeye na Ngatia walikuwa wakitaniana kila mara.

"Mama Warfa, leo hujaniletea hata maini?"

"Meno ya kutafuna maini uko nayo wapi? Ningekukuta Doldol singekununua, hata kwa bure."

"Ati hata bure!" Ngatia akashika kifua. "Sasa huyu ndiye ataniua, si moyo."

Halafu mwaka jana ikaja tableti, na kijana wa kuishika, Gatimu, mpole, wa kutoka Nyeri, kitambulisho shingoni. Wakatenga chumba kidogo chenye pazia, mgonjwa anaingia na mtu wake mmoja. Siku ya kwanza Gatimu alitoa kichwa akamwita nyanya kwa Kikuyu, "Shosho, kuja tuongee kidogo."

"Mimi si shosho yako. Shosho yako yuko Othaya anachuma majani chai. Mimi ni Mama Warfa."

"Pole, Mama Warfa. Karibu."

Tukaingia. Akasoma kwenye kioo. Katika wiki iliyopita, umepata shida kuoga au kuvaa nguo kwa sababu ya kukosa pumzi?

"Sana," Ayeyo akasema. Alikuwa anasema kweli, kwa sababu alijua maswali ni mengi na mengine ya kucheka yanakuja.

Gatimu akagusa kioo. Je, umelazimika kulala ukiwa umeketi?

"Kila siku. Uliza huyu msichana."

Akagusa. Miguu yako imevimba?

Ayeyo akavuta nguo juu kidogo. "Si uangalie."

Akagusa. Unaweza kutembea kutoka nyumbani hadi choo bila kupumzika?

"Napumzika. Mara moja. Siku nyingine mara mbili."

Akagusa, na kioo kikaandika Asante. Nilikisoma mwenyewe kutoka nyuma yake. Asante, maswali yamekwisha.

Ayeyo alibaki amekaa. "Imekwisha?"

"Imekwisha, Mama."

"Na zile zingine? Za kukimbia, za kubeba mzigo, za kupanda mlima?"

"Hizo hazihitajiki kwako," Gatimu akasema, akatabasamu, akidhani amempa habari njema.

Niliona mkono wa Ayeyo ukianza kutetemeka juu ya goti. Aliufunika kwa ule mwingine.

Siku hiyo hiyo daktari alimwita haraka, akamwongezea dawa, na akamwambia, "Mwisho wa mwezi atakuja daktari bingwa wa moyo. Nimekuweka wa kwanza."

"Kwa nini wa kwanza?"

"Kwa sababu ya hali yako, Mama."

Tulipotoka nje, Ngatia alikuwa amesimama kwenye mlango kwa fimbo zake mbili. "Mama Warfa, wewe imekuuliza ngapi? Mimi hata hazikufika tano. Nadhani iliona ni mzee, ikaogopa kunisumbua."

Ayeyo alimpita. Tulitembea hadi kona ya barabara, na hapo akasimama kutafuta pumzi.

"Umeona vile iliniangalia?" akaniuliza.

"Nani, Ayeyo?"

"Ile kitu. Mara moja tu, ikapita."

Nilimwelewa. Nilikuwa nimesimama naye Doldol mara nyingi mno.

Juma lililofuata walikuja sokoni wanaume wawili wa Naro Moru kununua fahali wa matanga. Ayeyo aliwaonyesha fahali mweusi, mnene. Walipokuwa wakimfunga kamba aliuliza, kama muuzaji yeyote anavyouliza, ni nani aliyefariki. Wakasema ni mzee wao Ngatia.

Fimbo ya babu ikaanguka chini. Mimi nikaiokota.

"Alikuwa analalamika?" Ayeyo akauliza.

"Hata kidogo. Alikuwa anachekesha watu mpaka asubuhi hiyo. Alienda kukaa juani, mke wake akaleta uji, akapata tayari ameenda."

Ayeyo akawaambia pole, akamswalia Mtume, akawasindikiza hadi kwenye pikapu yao, jambo ambalo hakuwahi kulifanya kwa mnunuzi. Alirudi akaketi juu ya jiwe la uzio na hakununua mnyama mwingine siku ile. Wafugaji walikuja kumwonyesha mbuzi, akawapungia mkono waende.

Tulipofika nyumbani alianza kufanya mambo ambayo sikuyapenda.

Sokoni kuna watu wanaompamba mnyama mgonjwa. Wanamlambisha chumvi, kiu ikimshika wanamnywesha maji mengi, tumbo linasimama. Wanampaka mafuta puani, wanamsugua mbavu manyoya yalale vizuri, wanampinda mkia kisirisiri ili arushe kichwa mnunuzi anapokaribia. Ayeyo aliwachukia sana watu hao. Aliwatambua kwa mbali na kuwatukana mbele ya soko zima.

Sasa akanituma nikamnunulie soksi nzito za wanaume, akazivaa mchana. Akapaka wanja. Alikunja kidole cha mwisho cha mguu ndani ya kiatu alichokuwa amekiacha kwa sababu hakikumwingia tena, akasukuma mpaka kikaingia, machozi yakimtoka. Akajifunza kusema sentensi nzima bila kuvuta pumzi katikati. Nilimsikia nyuma ya pazia akijaribu. Niko sawa, naenda sokoni, narudi, napika. Niko sawa, naenda sokoni. Pumzi ilikuwa ikimkatikia penye narudi.

Nilikaa upande wangu nikisikiliza.

Siku ya kliniki aliniambia mlangoni, "Leo mdomo wako uache hapa nyumbani."

Kwetu mtoto hamkatizi mkubwa mbele ya watu wa nje. Akisema jua ni jeusi, unanyamaza, ukifika nyumbani ndipo unauliza. Nikasema ndiyo.

Kwenye benchi nafasi ya Ngatia ilikuwa wazi na hakuna aliyekaa hapo. Kagendo, mwanamke mwenye shida ya kifua anayefanya kazi kwenye shamba la maua huko Timau, aliinama akamnong'oneza Ayeyo. Lakini kunong'ona kwake ni kwa mtu aliyezoea kuongea kwenye kelele za pampu.

"Mmesikia mzee? Na ile kitu ilimuuliza kidogo tu."

"Nimesikia."

"Mimi nimeijua dawa yake. Ukijibu uko mbaya, uko mbaya, inafunga. Ukijibu uko mzuri, mzuri, pia inafunga. Changanya. Hapa useme kidogo, pale useme bila shida. Haitakuwacha. Mimi iliniuliza mpaka nikachoka, na niko hapa, si unaniona?"

Gatimu alikuwa amesikia, akatoka nyuma ya pazia. Uso wake ulikuwa na jasho kwa kujitahidi.

"Wamama, si hivyo. Ngojeni niwaambie. Ile karatasi ilikuwa inapoteza muda wenu. Mtu hawezi kutoka kitandani, kuna haja gani kumuuliza kama anaweza kukimbia? Hii inaangalia jibu lako, inachagua swali inayofuata. Ikishakuwa na hakika uko wapi, inawacha. Ndio usichoke. Hiyo tu."

"Hakika niko wapi?" Ayeyo akauliza.

"Hali yako. Iko namna gani."

"Na Ngatia, ilikuwa na hakika?"

Gatimu akaitazama ile nafasi wazi ya Ngatia. Watu wote wa benchi walikuwa wakimtazama.

"Mzee Ngatia ilionyesha ni mgonjwa sana," akasema mwishowe, polepole. "Alipewa siku ya kuonana na bingwa, kama wewe. Hakufika tu."

Alisema kweli. Lakini Ayeyo alisikia maneno mawili tu, kama wewe.

Tukaingia. Swali la kwanza lilikuwa la kutembea ndani ya nyumba.

"Bila shida," Ayeyo akasema.

Likafuata la kupanda ngazi. "Shida kidogo." La kubeba ndoo. "Bila shida." La usingizi. "Shida kidogo, lakini ni kelele za mbwa." La kupika, la kwenda sokoni, la kuinama, tena la ngazi kwa maneno mengine. Kila likija jipya uso wake uliendelea kufunguka. Alianza kukaa wima. Alimjibu Gatimu kwa sauti ya sokoni, sauti ya kupandisha bei, na kati ya jibu na jibu alifunga mdomo na kuvuta hewa kwa pua taratibu ili isionekane. Mimi nilikuwa nyuma yake. Niliona mgongo wa garbasaari ukipanda na kushuka upesi kama ubavu wa kuku aliyefukuzwa.

Kioo kikauliza, Je, unaweza kukimbia hatua chache?

Ayeyo akacheka kwa furaha. "Hiyo ndiyo nilikuwa nangoja! Shida kidogo."

Nilifungua mdomo wangu. Akageuza kichwa kidogo tu, hata hakunitazama, na mimi nikaufunga.

Sista Wangechi akasoma majibu dirishani. Alikuwa na foleni ndefu na mtoto wa mtu alikuwa akilia. "Mama Warfa, umeendelea vizuri! Dawa imefanya kazi. Basi hiyo nafasi ya bingwa tutampa aliye mbaya zaidi. Wewe chukua dawa zako hapa, urudi baada ya miezi mitatu. Na leo huna haja ya kungoja daktari."

Hakuna aliyemshika mguu. Hakuna aliyemwekea kifaa kifuani. Alitoka pale akitembea kama bibi harusi, na tulipopita kona, mahali ambapo hawatuoni, akakaa chini kwenye vumbi.

"Umeona?" akasema, akihema. "Imenikagua. Yote. Mpaka kukimbia."

"Ayeyo, lakini haukusema..."

"Imenikagua," akasema. "Niinue."

Baada ya siku hiyo hofu ilihama. Ilitoka kwake ikaingia kwangu. Yeye alikuwa na furaha, alipiga simu kwa rafiki zake wa Isiolo akawaambia mashine ya hospitali imesema amepona. Mimi nilikuwa nafua zile soksi, nikaona jinsi zilivyokuwa zikikata nyama. Uvimbe ulikuwa umepanda hadi magotini, kisha mapajani. Hakumaliza sahani. Akiongea alisimama kila baada ya maneno matatu. Siku ya yule bingwa ilifika ikapita, na mtu mwingine akakaa kwenye kiti chake. Usiku nilikuwa nikingoja kukohoa kwake. Kukohoa kulikuwa kubaya, lakini kimya kilikuwa kibaya zaidi. Kikija nilikuwa nanyanyua pazia.

Nilimwambia mara moja, tukiwa wawili jikoni. "Twende tuwaambie ukweli."

"Ukweli gani? Ile kitu iliangalia Ngatia ikapita, na Ngatia akafa. Iliniangalia ikapita. Sasa imerudi imenishika vizuri. Unataka niende niiambie ipite tena?"

"Haikumuua Ngatia, Ayeyo. Alikuwa mgonjwa."

"Na mimi?"

Akageukia sufuria.

"Na Warfa usimwambie," akasema.

Ilikuwa siku chache baadaye, saa ya sala ya adhuhuri. Alikuwa ametandika mswala kando ya dirisha. Tangu augue alikuwa anaswali kwenye kiti, lakini baada ya majibu ya kliniki alikiondoa kiti, akasema mtu mzima hawezi kuswali kama mgonjwa. Nilikuwa naosha vyombo. Nilimsikia akienda kwenye sijida, na kisha sikusikia kitu.

Nikageuka. Paji la uso lilikuwa chini na halikuinuka. Mgongo ulitikisika. Sauti iliyotoka ilikuwa ya maji, kama mtu anayepumua ndani ya kikombe.

Nikamvuta kwa makwapa. Alikuwa mzito, mzito wa kitu kilicholoa. Nilimkalisha akiegemea ukuta, midomo yake ilikuwa rangi ya majivu, macho yamemtoka akinitazama na yalikuwa yananiomba. Sijawahi kuombwa na macho ya mtu mkubwa. Nikachukua simu yake nikampigia Warfa mbele yake, nikasema yote. Soksi, maswali, sala. Nilisema nikilia na nikimtazama yeye. Hakunikataza. Hakuwa na pumzi ya kukataza.

Warfa alikuwa sokoni tu, Nanyuki. Alikuja na pikapu ya kubebea mbuzi, akamweka mama yake mbele na mimi nikapanda nyuma kwenye samadi.

Hata pale kliniki Warfa alimgombeza mama yake. "Hooyo, umefanya nini? Umedanganya daktari?"

"Sikudanganya daktari," Ayeyo akasema kwa vipande. "Daktari... hakuniuliza."

Gatimu alipomwona alisimama, tableti mkononi. "Lakini ilionyesha... Mama Warfa ilionyesha uko..." Akaanza kupapasa kioo kana kwamba kosa liko pale kwenye vidole vyake.

"Wacha mtoto wa watu," Ayeyo akamwambia Warfa, ambaye alikuwa ameanza kumkaribia Gatimu. "Mimi ndio nilijipamba."

Sista Wangechi akaja mbio na kiti cha magurudumu. Alipomvua soksi alisema, "Mungu wangu," akaita daktari kwa sauti. Walipokuwa wakitafuta hewa ya mtungi na gari la kwenda Nyeri, Sista alimwambia Gatimu, "Mpime upesi, Nyeri watataka kujua hali yake ilikuwa wapi na sasa iko wapi." Gatimu akapiga magoti kando ya kiti.

"Mama," akasema, "nisome?"

Ayeyo akanishika mkono. Kucha zake ziliniingia. "Soma."

Kuoga na kuvaa?

Alifumba macho. Niliona jinsi alivyokuwa akilitafuta lile jibu zuri, lilikuwa karibu kabisa, la kuongeza swali moja na jingine na jingine. "Siwezi," akasema.

Kulala?

"Silali."

Kutembea ndani ya nyumba?

"Siwezi."

Kioo kikaandika Asante.

Ayeyo alifungua macho na kukitazama. Aliniambia kwa Kisomali, polepole sana, "Imepita." Mkono wake haukuniachia hadi ndani ya gari.

Barabara ya Nyeri niliijua kwa sababu ya wenye bucha, lakini siku ile sikuona mji hata mmoja. Niliangalia kile kinyago cha hewa usoni mwake, kikipata ukungu na kukauka, kupata ukungu na kukauka. Kila kilipokauka nilihesabu moyoni na kuogopa kufika kumi.

Wodini walimchoma sindano ya kutoa maji na kumwekea mpira wa mkojo, mfuko ukining'inia kando ya kitanda. Daktari wa pale, mwanamke wa makamo mwenye sauti ya chini, alimwinamia.

"Mama, unajisikiaje?"

Nilijua jibu. Kwetu ukiulizwa hivyo unaanza na kumshukuru Mungu na kusema ni salama, hata kama mguu umekatika. Ayeyo akashukuru Mungu. Halafu akasogeza kinyago kwa kidole, akasema miguu ilianza lini kuvimba, na kwamba alipunguza dawa ya maji siku za soko kwa sababu sokoni hakuna choo cha mwanamke, na kwamba wiki mbili hizi amekuwa akiamka akidhani anazama. Kwamba alipunguza dawa, hata mimi sikujua. Warfa aliangalia ukuta. Nilidhani nikisikia ukweli wote hofu itanipungua, lakini iliongezeka. Kumbe nilichokuwa nikikiona kilikuwa nusu.

"Nitapona?" akauliza.

"Moyo wako hautarudi kuwa wa msichana," daktari akasema. "Lakini kama maji yatatoka leo, tuna mahali pa kuanzia."

"Na yasipotoka?"

"Tungoje kwanza tuone."

Muuguzi akanionyesha mfuko. "Wewe kaa hapa. Ukijaa, niite. Ukiona unabaki mkavu, niite haraka zaidi."

Nikakaa chini, kichwa changu sawasawa na ule mfuko. Ulikuwa mkavu. Warfa alitoka kuswali, akarudi, akaniuliza kwa macho, nikatikisa kichwa. Mgonjwa wa kitanda cha pili alikuwa akila uji na kijiko kiligonga bakuli, kikagonga bakuli. Jua lilitoka kwenye kitanda cha Ayeyo likapanda ukutani. Mfuko ulikuwa mkavu. Nilikuwa nimeinuka nusu kwenda kumwita muuguzi.

Ndani ya mpira ukapita mstari mwembamba, wa njano. Ukasimama kwenye mkunjo. Ukashuka. Tone likaanguka, kisha lingine, kisha yakawa hayahesabiki.

"Msichana," Ayeyo akaita kutoka juu, sauti yake ndani ya kinyago. "Yanatoka?"

"Yanatoka."

"Usinidanganye."

"Yanatoka, Ayeyo."

Nilisikia pumzi yake, bado ya maji, bado fupi. Sikuinua macho yangu kutoka kwenye mfuko.